Kabla ya kusema gesi imeisha: kutafuta kosa kwenye kiyoyozi kisichotii

Mombasa, kiyoyozi kikikataa kupoza, hukumu hutoka kabla kifuniko hakijafunguliwa: gesi imeisha. Fundi atasema hivyo, jirani atasema hivyo, na mlinzi wa getini akiulizwa naye hatakosa kusema hivyo. Lakini gesi ya kiyoyozi hailiwi ikaisha kama ile ya meko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Ukijaza bila kuziba, umenunua baridi ya muda. Na mara nyingi hata haijapungua. Mashine ni nzima, ila haikuambiwa ipoze, au imeambiwa kwamba chumba kimeshapoa wakati wewe umeroa jasho.

Mwongozo huu unashughulika na upande huo unaotoa amri: rimoti, sensa (vipima joto), bodi (sakiti inayoamua) na nyaya zinazounganisha mashine mbili. Nazungumzia viyoyozi vya ukutani vyenye mashine ya ndani na ya nje, maana ndivyo vilivyojaa kuanzia Kizingo hadi Bamburi. Fuata hatua kwa mpangilio, kwa kuwa zile za mwanzo hazigharimu hata senti.

Mipaka ya mkono wako

Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Ndani ya mashine ya nje kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya kuzimwa, na imewahi kuwarusha mafundi sembuse mimi na wewe. Kufungua kifuniko cha plastiki cha mbele, kutoa filta, kubadilisha betri na kubonyeza vitufe, hayo ni yako. Skrubu yoyote inayofunika nyaya ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Kabla ya kuingiza mkono popote, zima kwenye DP swichi ya kiyoyozi ukutani. Rimoti inailaza mashine tu. Umeme bado umo.

Hatua ya 1: soma rimoti yote

Watu huangalia ile namba kubwa ya nyuzi joto wakaziacha alama ndogo zilizo kando yake. Kosa hukaa kwenye hizo alama.

Kipande cha theluji ni kupoza. Tone la maji ni kukausha hewa. Panka ni feni peke yake, na hapo kompresa, ile pampu ya gesi kwenye mashine ya nje, haitawaka ubonyeze utakavyo. Jua ni kupasha joto. Mishale inayozunguka, au herufi A, maana yake mashine ijiamulie yenyewe.

Jua ndilo linalowatatiza wengi. Viyoyozi vingi vinavyouzwa hapa vimetengenezwa kwa soko la dunia nzima, na vinaweza kugeuza mzunguko wa gesi vikaleta joto ndani, jambo ambalo mtu wa Mombasa halihitaji hata Julai. Mtoto akichezea kitufe cha hali, alama inahama kutoka theluji hadi jua bila mtu kujua. Ukiwasha, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Kama namba uliyoweka ni 24 na chumba kina nyuzi 30, mashine haifanyi kitu, kwa sababu kwa hesabu yake chumba kina joto la kutosha na ziada. Kama namba iko juu, feni ya ndani inatulia dakika kadhaa kwa makusudi ikingoja koili, yaani mabomba ya gesi yaliyo nyuma ya filta, ipate moto, halafu inakupulizia hari usoni. Mwenye nyumba anaona taa inawaka na baridi hakuna, anapiga simu, na kule upande wa pili jibu tunalijua.

Tone la maji nalo lina mtego wake. Katika hali ya kukausha, feni inakwenda polepole na mara nyingi huwezi kuiongeza kasi, na kompresa inawaka na kuzima kwa vipindi. Hali hii ni nzuri mno usiku wa masika, Aprili na Mei, hewa ikiwa imelowa kuliko ilivyo moto. Lakini mchana wa Februari, jua limepiga paa tangu asubuhi, haitakusaidia. Nimesikia viyoyozi vikitukanwa bure kwa sababu ya tone hili.

Sasa namba. Kiyoyozi hupoza pale tu namba uliyoweka inapokuwa chini ya joto la chumba. Ukiweka 28 usiku wa Agosti na chumba chenyewe kina 26, kompresa itabaki kimya, na huo si ubovu. Kwa ajili ya kupima, weka theluji, namba 18, feni kasi ya juu. Ukimaliza kupima rudisha 24 hadi 26, pangaboi likizunguka. Kuiacha 16 hakuharakishi baridi kwenye mashine ya kawaida. Kunaifanya ichelewe kuzima, na tokeni zinayeyuka.

Angalia pia alama ya saa. Ikiwa mtu aliweka muda wa kujizima saa sita za usiku, kiyoyozi kitajizima kila saa hiyo nawe utadhani kina jini. Alama ya mwezi ni hali ya usingizi: hupandisha namba polepole, kwa kawaida nyuzi moja au mbili katika saa za mwanzo, ili usiamke umeganda. Anayelala na joto lake huamka saa nane akidhani mashine imechoka.

La mwisho kwenye rimoti ni geni kwa wengi. Baadhi ya rimoti zina sensa ya joto ndani yake, na kuna kitufe kinachoiambia mashine ifuate joto la pale rimoti ilipo badala ya joto la kule juu ukutani. Ni jambo zuri ukiiweka rimoti kando yako. Ukiiacha dirishani juani, mashine haitapumzika. Ukiisahau mbele ya upepo wa baridi, itaamini chumba kizima kimepoa na itazima. Kitufe hicho huwa na picha ya mtu au ya rimoti yenyewe. Kizime kabla ya kuendelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: je, amri imefika?

Rimoti ya kiyoyozi husema lakini haisikii. Namba unayoiona kwenye kioo chake ni kile ilichotuma, na haijui kama kilipokewa. Ndiyo maana rimoti inaweza kuonyesha 20 huku mashine bado inashikilia 27. Thibitisho lako ni ule mlio mfupi kutoka ukutani. Usiposikia mlio, usihesabu kwamba umeamuru.

Kama hakuna mlio, badilisha betri zote mbili kwa pamoja, na uangalie vibati vya chemchemi. Hewa yetu ya bahari huvipaka kutu ya kijani. Kwangua kwa kipande kidogo cha msasa. Kisha washa kamera ya simu, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera na ubonyeze. Ukiona kataa kadogo keupe au ka zambarau kakimulika, rimoti inatuma. Kwenye simu nyingine kamera ya nyuma huchuja mwanga huo, kwa hiyo jaribu pia ile ya mbele kabla ya kuihukumu.

Rimoti ikituma na mashine isisikie, tazama chumba. Jua linaloingia moja kwa moja likaangukia jicho la mashine ya ndani linaweza kuliziba. Tyubulaiti zinazowaka kwa vifaa vya kielektroniki nazo humsumbua msikilizaji huyo. Funga pazia, zima taa, jaribu tena kutoka umbali wa mita 2 au 3.

Rimoti za kila aina zinazouzwa madukani zinafanya kazi, ila ni lazima ziwe na kodi sahihi ya mashine yako. Kodi inayokaribiana huwasha na kuzima vizuri kabisa, halafu kitufe cha kupoza kinatuma kitu kingine. Ukinunua, jaribu hali zote, usiridhike na kuwasha. Na kumbuka kwamba rimoti nyingi za viyoyozi hutuma maagizo yote kila ukibonyeza kitufe kimoja: hali, namba, kasi, saa. Nyumba yenye rimoti mbili, au rimoti moja na simu yenye programu ya kuamuru viyoyozi, ina mabwana wawili. Anayebonyeza wa mwisho anafuta yote ya mwenzake.

Hatua ya 3: ngoja dakika tatu

Baada ya kompresa kuzima, bodi huizuia isiwake tena kwa takriban dakika 3, ili msukumo wa gesi pande mbili za mabomba usawazike. Kompresa ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo hukwama na kuvuta umeme mwingi. Kwa hiyo yule anayewasha, akaona kimya, akazima, akawasha tena, hampi kompresa nafasi ya kuwaka. Washa mara moja, kaa, sikiliza.

Kama chako ni cha inveta, kompresa haizimi kila inapofika namba, hupunguza mwendo. Feni ya nje ikisikika dhaifu saa tano za usiku, huenda inafanya inavyotakiwa.

Hatua ya 4: kitufe cha dharura

Hatua hii ndiyo inayotenganisha maneno na matendo, na sijui kwa nini haielezwi kwa wateja. Inua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani. Upande wa kulia, kwa kawaida, kuna kitufe kidogo, pengine ndani ya tundu linalohitaji ncha ya kalamu. Kukibonyeza mara moja huwasha mashine bila rimoti katika hali ya kujiamulia. Kwenye mashine nyingi, kukishikilia kwa sekunde kadhaa, au kukibonyeza mara mbili, huilazimisha kupoza bila kujali sensa ya chumba inasema nini. Kijitabu cha mashine yako kitakuambia ni ipi.

Iache ikimbie dakika 15 katika hali hiyo ya kulazimishwa. Shika kipimajoto cha chumba mbele ya matundu ya juu panapoingia hewa, kisha mbele ya mdomo inapotokea. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni afya njema. Siku za unyevu mwingi tofauti hupungua, kwa sababu nguvu kubwa inakwenda kugeuza mvuke kuwa maji. Ukiona bomba la maji linatiririka vizuri nje, usihofu kwa nyuzi 7.

Sasa fikiri. Ikipoza vizuri kwa kitufe na isipoze kwa rimoti, kompresa ni nzima, gesi ipo, na atakayekuambia vinginevyo anataka pesa zako. Kosa liko kwenye rimoti, jicho la kupokelea au sensa. Isipopoza hata kwa kitufe, osha filta kama ilivyo hatua ya 5, kisha nenda hatua ya 6.

Hatua ya 5: filta, kisha sensa

Toa filta uioshe. Kwa vumbi la barabara zetu na madirisha yanayofunguliwa mchana kutwa, kila wiki 2 hadi 4 si nyingi. Filta iliyoziba hupunguza hewa inayopita kwenye koili, koili inazidi baridi hadi kuganda barafu, na sensa ya koili inaizima kompresa ili kuiokoa. Mtu anaona barafu na mara moja anasema gesi. Barafu inaweza kutokana na gesi kupungua, kweli, lakini uchafu ndio wa kushtakiwa kwanza. Zima mashine, acha iyeyuke, osha filta, washa, uone kama inarudi.

Sensa zenyewe kwa kawaida ni mbili. Moja inaning'inia nyuma ya filta, kijitone cheusi kwenye ncha ya waya mwembamba, nayo hupima hewa inayoingia. Nyingine imevishwa kifuko cha shaba na kuchomekwa kwenye bomba la koili. Zote ni vipingamizi vinavyobadilika kwa joto: joto likipanda, ukinzani unashuka, joto likishuka, ukinzani unapanda.

Hapo ndipo Mombasa inapoingia. Chumvi ya hewa ikila plagi ndogo pale sensa inapochomekwa kwenye bodi, kutu hiyo huongeza ukinzani. Bodi haijui kutu ni nini. Inachojua ni kwamba ukinzani umepanda, kwa hiyo baridi imeongezeka. Chumba kina 29, bodi inasoma 23, na kwa kuwa umeweka 24 inaizima kompresa. Nusu saa baadaye unyevu umebadilika, plagi imegusana vizuri, inaiwasha tena. Kiyoyozi kinachopoza kwa kubahatisha, leo vizuri kesho hapana, hasa nyumba za Nyali zinazotazama bahari, ningeanza kukagua hapa kabla ya mahali pengine popote. Sensa ya koili ikisoma vibaya vivyo hivyo, bodi hudhani koili inaganda na kuikata kompresa kila baada ya dakika chache, hata kama hakuna barafu.

Unachoweza kufanya mwenyewe: zima DP swichi, toa filta, tazama kama kile kijitone cha sensa ya hewa kimekaa kwenye kishikizo chake. Mara nyingi baada ya kuoshwa kwa mashine kinaachwa kikigusa koili. Kikigusa koili kinapima baridi ya chuma badala ya hewa ya chumba, na mashine inazima dakika chache tu baada ya kuwashwa. Kirudishe mahali pake, kazi imekwisha.

Fundi akija na mita, kipimo ni rahisi na unaweza kusimama ukitazama. Achomoe sensa kwenye bodi, apime ukinzani. Nyingi zimetengenezwa ziwe kilo-omu 5, 10, 15 au 20 kwenye nyuzi 25, kutegemea mtengenezaji. Kisha aishike kwa vidole: namba inatakiwa kushuka taratibu bila kurukaruka. Akiitia kwenye glasi ya maji na barafu, itapanda karibu mara tatu ya ile ya nyuzi 25. Isipobadilika, au ikiruka, sensa imekufa. Ni kipande cha bei ndogo ukilinganisha na bodi au kujaza gesi, na ndiyo maana kuna mafundi wasiopenda kukitaja. Sensa mpya lazima iwe ya thamani ile ile. Ukiweka ya kilo-omu 10 mahali pa ya 5, bodi itaamini chumba chako ni baridi daima.

Hatua ya 6: umeme wenyewe

Mashine ya ndani inawaka kwa umeme mdogo sana. Kompresa inataka mwingi. Ndiyo sababu taa na feni ya ndani kuwaka hakuthibitishi lolote. Jioni taa za nyumba zikififia, kompresa ya kawaida itanguruma sekunde chache kisha ikate, tak, na kurudia hivyo hivyo. Mlio huo ukisikika hata umeme ukiwa mzuri, kapasita ya kuanzishia inawezekana imechoka. Zima, usiiache ikijaribu usiku kucha, maana kila jaribio linaipasha moto kompresa.

Umeme ukikatika, zima DP swichi. Ukirudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuwasha. Kuna mashine zinazokumbuka zilivyokuwa na kujiwasha zenyewe, na ndizo zinazoumia kwa ule mshtuko wa kwanza. Kinga ya volteji yenye kuchelewesha inasaidia sana, lakini usihamishe ile ya friji. Nyingi za friji ni za ampea 5 hivi, na kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakaribia kiwango hicho kikiwa kimetulia, sembuse kinapoanza. Mwambie muuzaji ni ya kiyoyozi na umpe ukubwa wake.

Hatua ya 7: taa zinazopepesa

Mashine nyingi hukusemesha. Herufi na namba kwenye kioo, au taa inayopepesa mara kadhaa, inapumzika, inarudia. Hesabu, piga video kwa simu. Kodi hazifanani kati ya watengenezaji, hivyo usichukue maana ya kodi ya mashine nyingine; tafuta kijitabu cha jina na modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko ubavuni. Halafu zima DP swichi kwa dakika 10 kamili. Bodi za inveta hubaki na chaji, na kuzima kwa sekunde chache hakufuti kitu. Kodi ikirudi baada ya hapo, ni kosa la kweli.

Kodi inayojirudia sana pwani ni ile ya mashine mbili kutosikilizana. Waya wa mawasiliano hutoka ndani kwenda nje, na penye jengo la ghorofa mara nyingi umeungwa katikati kwa kusokotwa na kufungwa selotepu nyeusi. Mvua moja ya kusi na chumvi kidogo, kiungo kinaoza. Mwambie fundi akague viungo vyote kabla hajakushauri ununue bodi. Waya mmoja usio na kiungo, kutoka mashine hadi mashine, ndiyo dawa.

Nje, na wageni wake

Mjusi kafiri anapenda joto la bodi. Anaingia kupitia tundu la nyaya, anagusa sehemu mbili za umeme, anakufa na kuondoka na fyuzi, pengine na bodi yenyewe. Sisimizi nao hujazana kwenye swichi ya sumaku inayowasha kompresa hadi vidole vyake havigusani. Fundi akifungua, aangalie hilo, na akifunga alizibe tundu la nyaya.

Kuosha koili ya nje kunasaidia dhidi ya chumvi, ila maji ya visima vingi vya mjini kwetu yana chumvi yake. Ukiyatumia unaongeza kile unachotaka kutoa. Tumia maji ya mfereji, au jerikeni mbili kutoka kwa muuzaji wa mkokoteni, umeme ukiwa umezimwa.

Wenye kipimajoto cha ukutani

Maofisi, mahoteli na baadhi ya fleti zina mashine za darini zinazoamriwa na themostati iliyobandikwa ukutani. Hapa mahali pake ndiyo nusu ya matatizo. Ikiwa juu ya televisheni, nyuma ya friji au kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, itasoma joto lisilo la chumba na mashine haitazima. Ikiwa chini ya mdomo wa hewa baridi, itazima mapema. Nyuma yake kuna tundu la nyaya, na hewa ya moto ya darini hushuka kupitia tundu hilo hadi kwenye sensa. Kuliziba ni kazi ya dakika mbili kwa fundi. Zenye betri, badilisha betri. Nyaya usizishike. Video za Marekani zinaonyesha watu wakizigusanisha kwa mkono kwa sababu kule nyingi ni za volti 24. Zetu nyingi hubeba umeme kamili wa nyumba.

Mashine za darini pia zina kiboya kwenye sinia la maji. Bomba la maji likiziba kwa utelezi wa kijani, sinia linajaa, kiboya kinapanda na kukata kupoza. Feni inaendelea kama kawaida, kwa hiyo inafanana kabisa na ukosefu wa gesi.

Chumba chenyewe

Dirisha la vioo vya kupanga halizibi hewa. Kiyoyozi chini ya dirisha kama hilo kitakimbia kutwa bila kufika 24, na hakuna sensa wala bodi ya kulaumiwa. Vivyo hivyo chumba kilicho chini ya mabati bila dari. Jaribu usiku, saa nne hivi, mlango umefungwa: ikipoza usiku na kushindwa mchana, huenda mashine haina kosa.

Ukimwita fundi

Usimwambie haipozi. Mwambie ulichokiona, mathalan: "Salaam fundi. Mashine ya ndani inawaka, rimoti inalia, iko kwenye theluji, namba 18. Nimeosha filta. Kwa kitufe cha dharura inapoza nyuzi 10, kwa rimoti inazima baada ya dakika 5. Naomba uje na mita upime sensa." Fundi mzuri atafurahi. Yule mwingine atajua nyumba hii si ya kuuziwa gesi.

Akisema gesi, muombe aonyeshe kwa geji, na akuonyeshe inapovujia. Kwenye viungo vya mabomba povu la sabuni linatosha kuonyesha. Akisema bodi, muulize alipima nini. Kipande kilichotolewa kibaki kwako.

Kabla ya kumlipa, pima amri zenyewe. Weka namba nyuzi 2 juu ya joto la chumba, usikilize kompresa ikizima, au ikipunguza mwendo kama ni inveta. Kisha shusha hadi 20. Baada ya takriban dakika 3 iwake yenyewe. Rudia kwa rimoti kutoka kitandani, mahali utakapokuwa usiku, mlango ukiwa umefungwa na taa imezimwa. Fundi akiwa na haraka, mpe chai asubiri.